Kiraka kimeandikwa na mashine, kimetumwa na mimi

Swali kutoka kwa msomaji wa Lubumbashi:

"Jambo yaya. Mimi ni mwanafunzi wa informatiki, naishi Kampemba. Ninatumia maktaba moja ya lugha ya programu Python, ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), inayosoma majedwali ya takwimu za uchunguzi. Inazikataa faili zetu za Kifaransa, zile zenye koma mahali ambapo Waingereza wanaweka nukta. Nikaipa zana ya akili bandia ile hitilafu, ikaniandikia kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo, pamoja na majaribio, na majaribio yote yakapita. Nikatuma ombi la kuunganisha badiliko hilo na mradi. Siku ileile nikatuma mengine mawili ya vitu vidogo ambavyo zana yenyewe ilivigundua. Msimamizi wa mradi akayafunga yote matatu kwa sentensi moja: kama hukuyaandika, usitufanye tuyasome. Je, kutumia zana hizi ni marufuku kwenye miradi huria? Nikitumia, niseme au ninyamaze? Na Kiingereza changu ni cha kuungaunga, hata maelezo niliandikiwa na zana. Nifanye nini sasa? Kiraka nimekiambatisha."

Jambo mdogo wangu. Umefanya vizuri kuambatisha kiraka, maana bila hicho ningekujibu kwa nadharia tu.

Marufuku moja inayoifunga miradi yote haipo. Kila mradi una sheria zake, na nitakutajia chache. Lakini nikilisoma jibu la yule msimamizi, sioni kama ugomvi wake ni na mashine. Amepokea maombi matatu kwa siku moja kutoka kwa mtu asiyemjua, yenye maelezo marefu ya Kiingereza kinachong'aa, na alipofungua la kwanza akakuta kosa ambalo mtu anayezishika faili za Kifaransa kila siku hapaswi kulipitisha. Hilo ndilo lililokuponza, kwa hiyo tuanze na kiraka.

Kiini chake ni mistari hii minne:

    try:
        return float(value.replace(",", "."))
    except ValueError:
        return 0.0

Maana yake: geuza kila koma iwe nukta, jaribu kusoma namba, ukishindwa rudisha sifuri. Kwa jicho la haraka inapendeza. Sasa ipe bei ya faranga 12 500,75 kama inavyoandikwa na kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa. Ile nafasi kati ya 12 na 500 mara nyingi si nafasi ya kibodi, ni alama maalumu ya nafasi isiyovunjika ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha. Na hata ingekuwa nafasi ya kawaida, Python haikubali nafasi katikati ya namba. Koma inageuzwa nukta, float (amri ya kusoma namba) inakataa, kiraka kinarudisha sifuri. Namba ileile uliyoipigania isomeke sasa inasomeka kuwa si kitu.

Nenda upande wa pili wa mpaka wa Kasumbalesa. Mtu wa Zambia ana faili ya Kiingereza yenye 1,250, na kwake hiyo ni elfu moja mia mbili na hamsini. Kabla ya kiraka chako float ingeikataa kwa kelele, naye angejua kuna tatizo. Baada ya kiraka anapata 1.25 kimyakimya. Akiwa na 12,500.75 ndiyo kabisa: zinatokea nukta mbili ndani ya namba moja, float inakataa, sifuri tena.

Kisha kuna seli tupu, na hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Umesema maktaba hii inasoma takwimu za uchunguzi. Fikiria jedwali la kituo cha afya, safu ya idadi ya dozi za chanjo zilizobaki kwenye friji. Muuguzi ambaye hakupata nafasi ya kuhesabu ameacha patupu. Kwa kiraka chako patupu panakuwa 0.0. "Hatujahesabu" imegeuka "hatuna hata dozi moja", na mtu wa ofisini anayejumlisha vituo mia hataona chochote cha kumshtua. Programu inayokataa faili inakera, lakini haidanganyi.

Majaribio yalipita, ndiyo. Nimeyaangalia nayo. La kwanza linapima "1,5", la pili "2,75", la tatu linahakikisha kwamba neno "abc" linarudisha 0.0. Hilo la tatu limelihalalisha kosa: limetangaza kwamba sifuri ndilo jibu sahihi kwa kitu kisichosomeka. Ndivyo inavyokuwa unapomwachia mwandishi mmoja aandike msimbo na mtihani wake kwa dakika ileile. Alichokisahau kwenye msimbo amekisahau na kwenye mtihani, kwa hiyo vinakubaliana. Rangi ya kijani uliyoiona majaribio yalipopita ilikuambia tu kwamba zana haijipingi yenyewe.

Na ufumbuzi ulikuwa wapi? Karibu tu, kwenye pandas, maktaba ambayo pengine unayo tayari kwenye kompyuta yako. Kazi yake ya kusoma majedwali, read_csv, haibahatishi. Inampa mtumiaji vigezo vitatu: sep kwa kitenganishi cha safu, decimal kwa alama ya desimali, thousands kwa alama ya maelfu. Mwenye faili ndiye anayesema faili yake imeandikwaje, kwa sababu hakuna mashine wala mtu anayeweza kuitazama 1,250 peke yake akajua kama ni elfu na ushee au moja na robo. Lakini kuongeza kigezo kipya kwenye maktaba ya watu ni kubadilisha mlango wao wa mbele. Hilo huamuliwa kwa mazungumzo kwanza. Zana haikukuambia hivyo kwa sababu hukuiuliza. Uliiomba kiraka, ikakupa kiraka.

Sasa tuje kwa msimamizi na ile sentensi yake kavu.

Zamani kuandika kiraka kulikuwa kazi kuliko kukisoma. Aliyetumia jioni tatu kutafuta hitilafu alikuwa ameshalipa kiingilio, na msimamizi aliweza kudhani kwamba nyuma ya mistari ile kuna mtu aliyefikiri. Zana zimekupunguzia wewe mzigo wa kuandika, lakini hazijampunguzia yeye mzigo wa kusoma kwa kiasi hichohicho. Wewe umetumia dakika kumi. Yeye, ili akiamini kiraka, lazima ajiulize yote niliyojiuliza hapo juu, tena kwa maombi matatu, usiku baada ya kazi yake ya mshahara, kwa sababu wengi wao ni watu wa kujitolea. Umempelekea jirani gunia la maharagwe ambayo hayajachambuliwa mawe, ukasubiri akushukuru.

Kuna mradi ambao kila msanidi anaujua, curl, programu ya kuhamisha data iliyomo ndani ya simu, magari na televisheni duniani kote. Mwanzilishi wake, Daniel Stenberg wa Uswidi, aliandika hadharani mwanzoni mwa 2024 kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na akili bandia: zina vichwa vya habari safi, maelezo marefu, na udhaifu ambao haupo. Kila moja ilimlazimu mtu wa kweli kuichunguza, kwa sababu ripoti ya usalama haitupwi bila kusomwa. Mradi ulikuwa unalipa zawadi ya fedha kwa anayegundua udhaifu wa kweli. Mwishoni mwa Januari 2026 waliufunga mpango huo wa zawadi. Lakini Stenberg huyohuyo, mwaka 2025, alipokea orodha ndefu ya hitilafu kutoka kwa mtafiti aliyetumia zana za akili bandia, akaisifu waziwazi, na nyingi zikarekebishwa. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na mtu katikati, anayeijua kazi, aliyechuja kabla ya kutuma.

Usidhani pia kwamba tabia hii imeletwa na akili bandia. Oktoba 2020, katika tamasha la kila mwaka la kuchangia miradi huria, watu walikuwa wanaahidiwa fulana kwa maombi manne. Miradi ilifurikwa na watu wanaoongeza neno moja kwenye faili ya maelezo ili wapate fulana, hadi waandaaji wakabadilisha kanuni siku chache tu baada ya kuanza, wakasema ni miradi iliyojiandikisha tu itakayohesabiwa. Msimamizi wako pengine ameishi hayo yote. Maombi matatu ya ghafla kutoka kwa mgeni yanamkumbusha mambo.

Kuna na sababu ya ndani zaidi ya kuogopa msimbo usiosomwa na mtu. Machi 2024 ilifichuka kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kukandamiza data iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri. Aliyefanya hivyo alijijengea uaminifu mradini kwa takriban miaka miwili, akimsaidia msimamizi mmoja aliyechoka. Sehemu ya ujanja ilifichwa kwenye faili za kujenga programu, zile zinazozalishwa na zana na ambazo hakuna anayezifungua, tena ndani ya furushi la kutolea toleo badala ya hazina ya Git, hifadhi ya wazi ya msimbo, ambako macho yapo. Aliyeligundua, Andres Freund, alikuwa anashangaa tu kwa nini kuingia kwa ssh, njia ya kufikia kompyuta ya mbali, kumechelewa kwa karibu nusu sekunde. Hapo suala halikuwa akili bandia. Lakini tangu siku hiyo wasimamizi wengi hawalifurahii tena neno "ilizalishwa yenyewe, usijali".

Unaniuliza sheria. Gentoo, moja ya familia za Linux, iliamua Aprili 2024 kutopokea chochote kilichotengenezwa kwa msaada wa zana hizi, ikitaja hakimiliki, ubora na maadili. NetBSD, mfumo mwingine huria wa kuendesha kompyuta, mwezi uliofuata iliandika kwamba msimbo wa aina hiyo unahesabiwa kuwa na doa hadi ithibitike vinginevyo, na hauingii bila ruhusa ya maandishi ya kamati yake kuu. QEMU, ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, ilifunga mlango mwaka 2025. Upande mwingine Fedora, nayo ya familia za Linux, Oktoba 2025 iliruhusu kwa masharti: sema umetumia zana, na uwajibike kwa kila mstari kana kwamba umeuandika kwa mkono. Kiini cha Linux nacho kinaruhusu, na mwongozo wake unasema wazi kwamba zana haina haki ya kutia sahihi. Sahihi ni ya binadamu, zana inatajwa kwenye mstari wake mwingine.

Hiyo sahihi ina historia yake. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai msimbo wake umepenyezwa ndani ya Linux. Ikaonekana kwamba hakuna kumbukumbu nzuri ya nani alileta nini na kwa haki gani. Mwaka 2004 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaanzisha tamko fupi: kila anayetuma kiraka anaongeza mstari unaoanza na Signed-off-by na jina lake, maana yake "nimekiandika mimi, chote au sehemu, au nimekipata kihalali, na nina haki ya kukitoa chini ya leseni hii". QEMU inatumia tamko hilohilo, na hoja yake ni kwamba kama mashine imekuandikia, wewe huwezi kuapa kwamba unajua kimetoka wapi. Fedora na Linux wanaona unaweza, mradi ubebe lawama. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, lakini mradi ukiwa wa QEMU nafuata ya QEMU bila kubishana. Nyumba ni ya wenyewe.

Wasiwasi wa leseni, kwa kifupi, si ndoto. Copilot, zana ya GitHub ya kuandika msimbo, ilipotoka kwa majaribio katikati ya 2021, watu waliionyesha hadharani ikimwaga neno kwa neno kipande maarufu cha hesabu kutoka mchezo wa Quake III, pamoja na maoni ya waandishi wake, kisha ikakibandika leseni isiyo yake. Msimbo huo uko chini ya GPL, leseni inayodai kinachotokana nao kibaki chini ya leseni hiyohiyo. Ukiuingiza kwenye maktaba ya leseni iliyolegea ya MIT umewapa wenzako kesi. Kwa kiraka cha mistari minne kama chako hatari ni ndogo mno. Kwa faili nzima ya mistari mia nne inayofanya jambo linalojulikana, hatari si ndogo, na hapo unakitafuta kwanza kipande chenyewe mtandaoni uone kama kina mwenyewe. Marekani, ofisi ya hakimiliki ilisema tena Januari 2025 kwamba kilichotungwa na mashine bila mkono wa ubunifu wa binadamu hakilindwi. Sheria yetu ya hakimiliki ni ya 1986. Uandishi wa mashine haukuwa akilini mwa walioitunga.

Useme au unyamaze? Useme, hata mradi usipouliza. Ukiulizwa "ulitumia zana?" baada ya kunyamaza, jibu lolote utakalotoa limechelewa. Ukisema mwanzoni, tena kwa usahihi, unamsaidia msomaji ajue aangalie wapi. "Nimetumia akili bandia" haimwambii kitu. "Zana imeandika rasimu ya kwanza ya kazi hii, majaribio nimeandika mwenyewe kutoka faili halisi, sehemu ya maelfu nimeibadilisha yote" inamwambia mengi. Miradi mingine imeweka mstari wa Assisted-by ("kwa msaada wa") kwa ajili hiyo. Kama wako hauna, andika kwenye maelezo ya ombi.

Kuhusu Kiingereza, hapa nakuelewa kabisa. Lubumbashi tunasomea Kifaransa, tunaongea Kiswahili, na miradi inataka Kiingereza. Zana inaonekana kama ukombozi. Lakini maelezo uliyotuma yana aya sita, vichwa vya habari na sehemu inayoitwa "faida kuu" kwa badiliko la mistari minne. Hakuna mtu mwenye Kiingereza cha kuungaunga anayeandika hivyo, na hakuna mtu mwenye Kiingereza kizuri anayeandika hivyo pia. Msimamizi akiona sura hiyo anajua amekaa na nani. Andika sentensi zako fupi, hata zikiwa na makosa: faili hii, toleo hili la Python, nilitegemea hiki, nikapata hiki. Makosa ya sarufi hayajawahi kumzuia mtu kuelewa ujumbe wa hitilafu. Ukikwama kabisa andika Kifaransa chako, tafsiri na zana, kisha bandika vyote viwili. Wasimamizi wengi wataichukua hiyo kwa shukrani kuliko insha.

Na uache kuamini kwamba zana imekuokolea muda kwa sababu tu ilikuwa rahisi. Mwaka 2025 kikundi cha utafiti cha METR kiliwapima wasanidi 16 wazoefu kwenye miradi huria wanayoijua vizuri, kwa kazi 246. Waliporuhusiwa kutumia akili bandia walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Wao wenyewe, walipoulizwa baadaye, waliamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Zana zimeendelea kubadilika tangu hapo, na wewe si mzoefu wa mradi ule, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama yako. Chukua ile tofauti kati ya kilichotokea na walichohisi.

Mimi zana hizi nazitumia, tena kila siku. Kunieleza msimbo wa mtu mwingine zinafaa sana, hasa mradi mkubwa usio na nyaraka: "kazi hii inaitwa kutoka wapi, nani anaitegemea?" Kisha naenda kuhakikisha kwa macho. Zinafaa kwa kutafuta visa ambavyo nimesahau, ukiuliza hivyo waziwazi. Ungeiuliza zana yako "ni namba zipi za Kifaransa zitakazokivunja kiraka hiki?" pengine ingekutajia nafasi isiyovunjika yenyewe. Jambo la kuangalia ni majina ya vifurushi. Zana hutunga majina yanayosikika ya kweli. Mwaka 2024 mtafiti wa usalama aliripoti kwamba alikuta zana zinapendekeza kifurushi kiitwacho huggingface-cli ambacho hakikuwepo kwenye hifadhi ya vifurushi vya Python. Akakisajili kikiwa kitupu, na kikapakuliwa mara zaidi ya elfu thelathini kwa miezi mitatu. Yeye alikuwa mtu mwema. Kwa hiyo kabla ya pip install (amri ya kusakinisha kifurushi) yoyote uliyopendekezewa, fungua ukurasa wa kifurushi, angalia kimeanza lini na hazina yake iko wapi.

Halafu lingine ambalo hukuniuliza: ulipoipa zana hitilafu, uliipa na faili? Kama ni faili halisi ya uchunguzi yenye majina, namba za simu au majibu ya kaya za watu, umeitoa nje ya mikono ya waliokuamini. Nchi yetu ina sheria ya kidijitali tangu Machi 2023 inayohusu data binafsi, na hata isingekuwepo, yule mama aliyekujibu maswali mlangoni kwake hakukubali hilo. Tengeneza faili bandia ya mistari mitano yenye umbo lilelile. Hiyo ndiyo ya kumpa mashine, na hiyo ndiyo ya kumpa msimamizi.

Sasa la kufanya. Usiyafungue tena yale maombi matatu na usitume la nne. Yale mawili ya ziada yasahau; hukuwa na shida nayo mpaka zana ilipokuambia uwe nayo. Soma faili ya mwongozo wa wachangiaji, huwa inaitwa CONTRIBUTING, uone wanasema nini kuhusu akili bandia. Kisha tafuta kwenye orodha ya hitilafu za mradi kama kuna mtu ameshalalamikia koma. Si ajabu yupo, Mfaransa au Mbrazili, maana nchi nyingi duniani zinaandika desimali kwa koma. Kama yupo, ongeza faili yako chini ya lalamiko lake. Kama hayupo, fungua lako, na ujumbe uwe na uzito huu:

"Samahani kwa maombi matatu ya juzi. Yaliandikwa na zana, na sikuyapima vya kutosha. Tatizo lenyewe ni la kweli: faili za Kifaransa zinakataliwa. Nimeambatisha mfano wa mistari mitano. Nimeona pandas inamwachia mtumiaji ataje decimal na thousands. Je, mngependa njia hiyo hapa? Mkikubali nitaiandika, na nitataja nilipotumia zana."

Kitu cha thamani ulichonacho ni ile faili ya mistari mitano. Zana haina friji ya chanjo wala Excel ya Kifaransa ya ofisi ya Katuba. Msimamizi naye, akiwa Ulaya au Marekani, pengine hajawahi kuiona safu ambamo mtu mmoja ameandika 2.500 na mwingine 2 500 na wa tatu 2500,00 wote wakimaanisha elfu mbili na mia tano. Mpe hiyo.

Wakikubali, anza na majaribio, na uyaandike kwa mkono wako kabla hujaigusa zana: 1,5, 12 500,75 mara mbili, kwa nafasi ya kawaida na kwa ile isiyovunjika, 1,250 bila kutaja kigezo chochote, ambayo lazima ikataliwe kama zamani, seli tupu, ambayo lazima ibaki tupu, na "abc", ambayo lazima ipige kelele. Yaendeshe yashindwe kwanza. Hapo mpe zana kazi ukitaka, au iandike mwenyewe. Haitazidi mistari kumi na tano. Majibu yakichelewa, subiri wiki mbili kabla ya kukumbusha, na ukikumbusha kumbusha mara moja.